Ndege Wawindao na Sungura wa Kufugwa

Katika nchi za milimani, tangu Usambara na Kilimanjaro hata Kiambu na Nyeri, wakulima wengi hufuga sungura nyuma ya nyumba. Wengine huwafuga kwa nyama na kwa kuuza. Wengine wamewapa watoto wao sungura mmoja au wawili, wawakatie majani, wawape majina na kujifunza kutunza kiumbe. Mnyama huyu hali chakula kingi, hapigi kelele, na mbolea yake ni njema sana kwa bustani ya mboga. Lakini hukaa nje, na juu yake huzunguka ndege wenye macho makali na makucha yaliyopindika.

Kwa hiyo mfugaji huuliza maswali mawili. La kwanza: Je, ndege hawa waweza kumwua sungura wangu? La pili: Kama waweza, je, yanipasa kuwaua wao kwanza?

Jibu la swali la kwanza ni hili: baadhi yao waweza, wengi wao hawawezi. Jibu la swali la pili ni hapana. Ukisoma mpaka mwisho utaona sababu, na utaona kwamba dawa ya jambo hili ni mbao chache, fito na waya, wala si bunduki wala sumu.

SUNGURA WA HADITHI NA SUNGURA WA BANDANI

Katika lugha yetu mara nyingi twatumia neno moja, sungura, kwa wanyama wawili walio mbalimbali. Sungura wa porini, yule mjanja wa hadithi, huzaliwa akiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka. Rangi yake ni rangi ya majani makavu. Akiona hatari hujilaza chini asionekane, na akigunduliwa hukimbia kwa mbio nyingi akigeuka huku na huku.

Sungura wa bandani si mtoto wa huyo. Asili yake ni sungura wa Hispania, ambaye huchimba mashimo na kukaa humo pamoja na jamaa zake. Hutoka kula majani alfajiri na magharibi, wala haendi mbali na mlango wa shimo. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, na macho yao hufumbuka baada ya siku 10 hivi. Kinga yake si ujanja wala mbio ndefu, bali ni shimo lililo karibu.

Wanadamu wamemfuga kwa muda wa karne nyingi, wakamfanya mkubwa, mpole, na mara nyingi mweupe. Mweupe juu ya majani mabichi huonekana kutoka mbali hata kwa macho ya mtu, sembuse macho ya tai. Hata hivyo hofu ya zamani haikumtoka. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote, na juu pia, bila kugeuza shingo. Kivuli cha ndege kikipita hutulia kama jiwe, au hupiga ardhi kwa mguu wa nyuma, kisha hutafuta mahali penye giza apate kuingia. Asipopaona, hujigonga kwenye waya.

Kumbuka jambo hili, maana ndilo msingi wa mengine yote. Ulimchukua sungura ukamtoa shimoni mwake, basi yakupasa kumpa shimo lingine.

NDEGE WALIO RAFIKI ZAKO

Si kila ndege mwenye mdomo uliopindika ni adui. Wengi wao ni walinzi wa ghala lako na shamba lako, nao hawalipwi mshahara.

Mmoja ni ndege mdogo mweupe na kijivu, mwenye mabega meusi na macho mekundu. Utamwona akisimama hewani mahali pamoja huku akipigapiga mbawa, kisha akishuka polepole majanini. Uzito wake ni kama robo ya kilo, na chakula chake hasa ni panya wa shambani. Sungura mkubwa humshinda uzito mara 10 na zaidi.

Mwingine ni yule mweusi mwenye kishungi kirefu kinachopeperuka kichwani, apendaye kukaa juu ya nguzo na miti mikavu kando ya mashamba. Watu wengi humwogopa kwa sababu anaitwa tai. Lakini huyu naye huishi kwa kula panya.

Yuko pia ndege mnene mwenye mkia mwekundu kama tofali, tumbo lake jeupe, na baadhi yao weusi mwili mzima isipokuwa mkia. Katika milima yetu yeye ni wa kawaida sana. Hula fuko waharibuo viazi na mihogo, hula panya, mijusi na nyoka. Pengine huchukua kifaranga cha kuku kisicho na ulinzi, na kitoto cha sungura kilichoachwa wazi kingeweza kumpata. Lakini hesabu ya fuko anaowaua kwa mwaka ni faida kubwa kwako kuliko hasara hiyo.

Na bundi mweupe mwenye uso kama moyo, akaaye darini na katika majengo ya zamani, ambaye watu humfukuza wakidhani ni mleta mauti, ndiye mkamata panya bora kuliko paka. Ikiwa huamini, tazama chini ya mahali alalapo mchana. Utaona madonge ya manyoya aliyoyatapika. Lipasue donge moja kwa kijiti, na ndani yake utakuta mifupa midogo na mafuvu ya panya. Huo ndio ushahidi wa kazi yake ya usiku, nawe waweza kuusoma mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Tumbusi nao hawamwindi sungura mzima. Kazi yao ni mizoga.

NDEGE WA KUANGALIWA

Sasa tuwataje wale wawezao kukutia hasara.

Wa kwanza ni mwewe, yule wa rangi ya udongo mwenye mkia wa panda. Wote wanamjua, maana hunyakua vifaranga mbele ya macho yetu, na mjini hunyakua nyama mkononi mwa mtu. Uzito wake haufiki kilo 1. Hawezi kumwua sungura mzima mwenye afya, lakini vitoto vya sungura vilivyotoka katika sanduku la kuzalia na kutambaa mahali pasipofunikwa ni windo lake kabisa. Mwewe hupenda pia kukusanyika penye moshi wa majani yanayochomwa na penye matumbo ya wanyama waliochinjwa.

Wa pili ni kipanga mkubwa mweusi mwenye kifua cheupe, akaaye katika misitu na katika mikaratusi mirefu. Huyu hazunguki angani akaonekana. Huja upesi kati ya miti, karibu na ardhi, akampiga njiwa au kuku kabla hujageuza kichwa. Sungura mchanga wa miezi michache awe na hadhari naye.

Wa tatu ni tai wa kadiri, mwenye mgongo mweusi na tumbo jeupe lenye michirizi myeusi. Uzito wake ni kilo 1 na nusu hivi, na mara nyingi dume na jike huwinda pamoja. Kanga, kware na sungura wa porini ndio chakula chake, basi sungura wako mweupe ni kwake chakula kile kile kilichorahisishwa.

Wa nne ni tai wakubwa wawili. Mmoja hukaa katika misitu mikubwa. Mbawa zake ni fupi na pana, ana kishungi kichwani, na kifua chake kina mabaka meusi, meupe na ya rangi ya kutu. Usimchanganye na yule mweusi mdogo wa nguzoni niliyemtaja. Huyu wa msituni huua kima, mbega na paa wadogo. Wa pili hukaa katika nchi za tambarare na nyika, kichwa na kifua ni vya rangi nyeusi ya udongo, tumbo jeupe lenye madoa. Huruka juu sana hata asionekane, na uzito wake hupata kilo 3 hadi 6. Kwa ndege hawa wawili, hata sungura mkubwa kuliko wote si kitu.

Wa tano ni wa usiku: bundi mkubwa wa kijivu, mwenye mstari mweusi kuzunguka uso na kope za rangi ya waridi. Jike lake hufika karibu kilo 3. Hukaa katika miti mikubwa, hasa kando ya mito, naye hukamata sungura wa porini na kanga waliolala. Mfugaji aangaliaye mchana tu hamjui mgeni huyu.

Wa mwisho si ndege wa makucha, lakini yafaa kumtaja. Ni kunguru. Katika pwani yetu wamejaa kunguru wa Kihindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, nao wakaenea mpaka Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Kunguru hujifunza upesi mahali palipo na vitoto visivyoweza kujitetea, na akiisha kujua hurudi kila siku pamoja na wenzake.

HESABU YA UZITO

Labda utasema: "Sungura wangu ana kilo 4. Ndege wa kilo 1 na nusu hawezi kumbeba. Basi sina shaka." Maneno haya ni kweli, lakini nusu yake tu.

Ni kweli kwamba ndege hubeba kwa shida mzigo ulio sawa na uzito wake mwenyewe, na mara nyingi hubeba chini ya hapo. Lakini tai hana lazima ya kubeba. Humpiga sungura pale pale, humshika kwa makucha mpaka afe, humlia pale pale chini, na akibakiza huondoka na kipande. Kwako mwenye sungura ni hasara ile ile.

Kwa hiyo pima hatari kwa namna hii. Kitoto cha mwezi 1 kina uzito wa nusu kilo hivi: aweza kuchukuliwa na mwewe, kipanga, kunguru na wote waliotajwa. Sungura wa miezi 2 au 3 aweza kuuawa na kipanga na tai wa kadiri. Sungura mzima wa kilo 3 au 4 yafaa kulindwa na tai na bundi mkubwa. Hakuna umri ambao sungura aweza kuachwa peke yake mahali pa wazi, mchana wala usiku.

HOFU PEKE YAKE HUUA

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ndege aweza kumwua sungura bila kumgusa.

Mifupa ya sungura ni miepesi, na misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi. Akishtuka ndani ya tundu lisilo na maficho, huruka na kupiga teke kwa nguvu hata aweza kujivunja uti wa mgongo. Asubuhi utamkuta akiburura miguu ya nyuma, hana jeraha wala damu, na utafikiri amelogwa au amepatwa na ugonjwa. Wengine huanguka na kufa kwa mshtuko tu. Jike aliyezaa hivi karibuni akitishwa mara kwa mara aweza kuwakanyaga watoto wake, kuwaacha bila kuwanyonyesha, hata kuwala.

Mwewe atuaye juu ya tundu la waya kila siku saa 6 mchana hawezi kuingia, lakini hasara yake iko palepale. Kwa sababu hiyo haitoshi kwamba ndege asimfikie sungura. Yafaa pia sungura awe na mahali ambapo hamwoni ndege.

BANDA LIFAALO

Banda jema huzuia ndege, mvua, jua na mbwa kwa pamoja. Kwa hiyo gharama yake si ya ndege peke yake.

Inua banda juu ya nguzo, futi 3 hivi kutoka ardhini. Kila sungura mzima apate nafasi isiyopungua futi 3 kwa futi 2, na kimo cha futi 2. Paa liwe la makuti, nyasi au mabati, lakini lisiwe la waya mtupu. Ukitumia mabati, weka nyasi juu yake, kwa maana sungura huvumilia baridi kuliko joto, na joto likizidi digrii 30 huanza kuteseka. Paa lipite mbele ya ukuta futi 1 ili mvua na macho ya ndege visiingie.

Ukuta wa nyuma na wa pembeni uwe wa mbao au fito zilizobanana. Mbele weka waya. Waya wa kuku huzuia ndege, lakini mbwa huupasua na panya hupita katikati yake. Waya wa matundu ya nusu inchi ni bora, ingawa bei yake ni kubwa. Ikiwa fedha ni chache, tumia waya huo mahali pa jike mwenye watoto kwanza. Mahali pengine tumia fito za mianzi, nafasi kati ya fito na fito isizidi inchi 1. Waya ukazwe sana. Waya uliolegea huinama ndege atuapo, na makucha ya bundi hupita katika matundu mapana yakamfikia sungura aliyelala karibu.

Katika kila chumba weka sanduku lenye mlango mmoja mdogo, giza ndani. Hilo ndilo shimo tulilosema. Kwa jike mwenye mimba sanduku la kuzalia liwekwe siku chache kabla ya kuzaa, nalo liwe na kizingiti cha inchi 6 mlangoni, ili vitoto visitoke kabla ya wakati.

Miguu ya banda uitie katika makopo yenye mafuta machafu, kwa ajili ya siafu. Siafu huua watoto wote kwa usiku mmoja, na hapo ndege hana hatia.

KIZIMBA CHA MAJANI

Ni vema sungura apate kula majani mabichi na kunyoosha miguu, na watoto wapendao sungura wao hupenda kumwachia uwanjani. Hapo ndipo ajali nyingi hutokea. Mtoto huitwa nyumbani, huenda kwa dakika chache, na akirudi hukuta manyoya tu. Mtoto aliyempa sungura jina haponi upesi moyoni.

Tengeneza kizimba cha kuhamisha. Kiwe na urefu wa futi 6, upana wa futi 3 na kimo cha futi 2, bila uzito mwingi, ili watu wawili waweze kukibeba. Nusu ya juu ifunikwe kwa mbao au nyasi, nusu nyingine kwa waya. Chini weka waya wa matundu mapana, majani yapate kupenya naye asichimbe akatoka. Kihamishe kila siku, na majani hayataisha wala uchafu hautakusanyika.

Kama una ukuta au uzio, waweza kupanda pasheni au maboga yakatambaa juu ya fito zilizotandazwa. Kwa miezi michache utapata paa la kijani lenye kivuli, ndege asione kilicho chini, nawe uvune matunda. Wavu wa zamani wa samaki uliotandazwa juu ya uwanja huzuia mwewe na kunguru pia, lakini uutazame kila siku, usije ukanasa ndege au kuku.

Sanamu za nguo na vyombo ving'aavyo vilivyotundikwa hufaa kwa siku chache tu. Ndege huzoea, kisha hukaa juu ya sanamu ile ile. Jogoo na kanga ni walinzi bora. Wakiona ndege awindaye angani hupiga sauti ya namna yake, nawe ukiisha kuijua sauti hiyo utatoka nje kwa wakati wake.

NI NANI ALIYEFANYA?

Ukimkosa sungura, usimhukumu ndege kabla ya kutazama mahali penyewe.

Ndege hunyonyoa kabla ya kula. Ukikuta manyoya mengi yametawanyika mahali pamoja kama mduara, na waya haukuvunjwa lakini paa lilikuwa wazi, basi mdhani ndege. Ukikuta waya umepasuliwa au ubao umeng'olewa, na sungura kadhaa wameuawa bila kuliwa, huyo ni mbwa. Ukikuta tundu dogo pembeni na vitoto vimetoweka kimoja kimoja usiku, fikiri panya, nyoka, nguchiro au paka. Ukikuta kila kitu kimefungwa vizuri na sungura hayumo, fikiri mwizi mwenye miguu miwili. Mara nyingi tai hulaumiwa kwa kazi ya mbwa wa jirani, kwa sababu tai huonekana juu wakati wa mchana, na mbwa alikuja usiku akaenda zake.

Kisha yaondoe yawavutayo ndege. Ukichinja, zika matumbo na ngozi mbali na banda. Kitoto kilichokufa kisitupwe jalalani, bali kizikwe. Chakula kilichomwagika kifagiliwe, maana huleta panya, na panya huleta bundi na nyoka.

USIUE, USITIE SUMU

Wako watu wasemao, "Tia sumu katika kipande cha nyama, ukiweke juu ya banda, na shida itakwisha." Usifanye hivyo kamwe.

Sumu haimchagui mwenye kosa. Itamwua mbwa wako, itamwua kuku wako, na mtoto mdogo aweza kuishika. Itawaua tumbusi, ambao husafisha nchi kwa kula mizoga kabla haijaeneza maradhi. Dawa za wadudu zilizotiwa katika mizoga zimewaua tumbusi wengi sana katika Afrika ya Mashariki, na mwaka 2015 aina 4 za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika orodha ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka duniani. Hata sumu ya panya ina madhara yake, kwani bundi alaye panya mwenye sumu hufa naye, na mwaka ufuatao panya huzidi.

Tena sheria yakataza. Katika Tanzania iko Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na katika Kenya iko sheria ya namna hiyo ya mwaka 2013. Ndege wa mwitu wamo ndani ya ulinzi huo, na auaye bila kibali aweza kushitakiwa.

Lakini hata kama sheria isingalikuwapo, hesabu ya shamba yakataza. Tai mmoja akiuawa, mahali pake pa kuwindia huwa wazi, na mwingine huja kupachukua. Banda lako lililo wazi litabaki wazi, na mgeni mpya atalijua kama alivyolijua wa kwanza. Utaua tena, nawe hutaona mwisho. Fito na waya hufungwa mara moja, na huzuia ndege wote kwa muda wa miaka.

FAIDA YA KUFANYA HIVI

Jike mmoja mwema aweza kuzaa mara 4 au 5 kwa mwaka, na kila mara watoto 5 hadi 8. Amepotea jike mmoja, umepoteza watoto wa mwaka mzima. Linganisha hasara hiyo na bei ya yadi chache za waya na siku moja ya kazi, utaona ni lipi lililo ghali. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jioni ya leo, kabla ya giza, zunguka banda lako ukijibu maswali haya:

1. Je, kila mahali juu ya sungura pana paa?
2. Je, kila chumba kina sanduku la kujificha?
3. Je, waya umekazwa, na matundu yake ni madogo mahali penye watoto?
4. Je, uwanja wa kulia majani umefunikwa, na yuko mtu wa kuuangalia?
5. Je, matumbo, mizoga na makombo yamezikwa au kufagiliwa?

Jibu la "hapana" likiwa hata moja, anza hapo kesho asubuhi. Ukihitaji shauri la vipimo au la aina ya waya upatikanao karibu nawe, mwulize Bwana Shamba au Bwana Mifugo wa wilaya yako. Yakiisha kutengenezwa yote, mwache tai azunguke, mwache bundi alie darini. Watakula panya wako, na sungura wako watabaki bandani.